Kubadili injini ya pikapu: Nafuu inayoweza kugeuka hasara

Na Mwandishi Wetu

KUNG'OA injini ya zamani ya pikapu na kufunga ya kisasa yenye tabo kumekuwa njia ya wamiliki wengi kutafuta nguvu zaidi bila kununua gari jipya. Hata hivyo, hesabu inayoishia kwenye bei ya injini huacha nje gharama nyingi, na wakati mwingine usalama na uhalali wa gari lenyewe.

Mvuto wake unaeleweka. Injini ya 3L ya lita 2.8, iliyokuwamo katika Toyota Hilux nyingi za miaka ya 1990, hutoa takriban nguvu ya farasi 90. Injini ya 1KD ya lita 3.0, iliyofungwa katika Hilux za baadaye, hutoa takriban 163. Kwa mfanyabiashara anayepandisha shehena mlima Kitonga, tofauti hiyo ni muda na fedha.

Tatizo la kwanza ni umeme. Injini ya zamani ina pampu ya kawaida na waya wa mafuta. Ikipata dizeli na hewa, inanguruma. Ya kisasa haifanyi kazi bila kompyuta yake, ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo hudai taarifa za vihisio, pedali ya umeme na, mara nyingi, ufunguo iliozoeshwa kuutambua. Anayenunua injini tupu katika maduka ya vipuri vilivyotumika hujikuta na chuma kisichowaka. Vifaa hivyo vyote, pamoja na nyaya zake, havina budi kutoka katika gari lile lile.

Pili ni joto. Hewa inayosukumwa na tabo lazima ipozwe. Katika Hilux ya kisasa, kipozeo hukaa juu ya injini na kupata upepo kupitia tundu la boneti, tundu ambalo boneti ya zamani haina. Rejeta nayo ilipimwa kwa injini dhaifu.

Tatu ni mafuta. Mfumo wa kisasa hupuliza dizeli kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 ya lile la hewa ya kawaida, kupitia matundu membamba mno ya nozeli. Kutu ya tangi kuukuu, maji au mafuta yaliyochakachuliwa huziua nozeli hizo mapema. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kudhibiti uchakachuaji, lakini uchafu wa tangi ni jukumu la mwenye gari.

Nguvu mpya pia huzielemea klachi, gia boksi na difu. La hatari zaidi ni breki: gari linaloongezwa mwendo bila kuongezewa uwezo wa kusimama ni tishio kwa dereva na wapita njia.

Mwisho ni sheria. Kadi ya gari hubeba namba na ujazo wa injini. Mabadiliko yasiyosajiliwa huweza kuzua mgogoro wakati wa ukaguzi, kuuza gari au kudai bima. Injini isiyo na nyaraka za ununuzi yaweza hata kuwa imetoka katika gari la wizi.

Kwa mwenye bajeti finyu, basi, kuifanyia ovahoo injini ile ile ya zamani ndiko kwenye busara zaidi. Anayeamua kubadili, na aanze na breki, rejeta na tangi. Injini ifuate baadaye.