Risasi kali si kinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kwa wenzangu wenye leseni za bastola ndogo za risasi tano, zile za kuficha kiunoni. Wengi wakifika dukani huulizia risasi kali kuliko zote. Mimi nasema huko si kujilinda.

Bastola hizo ni nyepesi na mtutu wake ni wa inchi 2 hivi. Risasi kali hupiga teke, mkono ukaruka, ya pili ikaenda isikotakiwa. Zile zenye tundu kichwani huhitaji kasi ili zichanue. Mtutu mfupi huipunguza kasi hiyo, na nguo nzito huziba tundu. Isipochanua, hupenya ikaendelea mbele.

Baada ya askari wake wawili kuuawa Miami mwaka 1986, FBI ya Marekani ilianza kupima risasi kwa jelatini, ikitaka zipenye inchi 12 hadi 18: zisipungue wala zisizidi.

Sisi tunaishi ukuta kwa ukuta. Risasi inayomkosa jambazi yaweza kumpata mtoto wa jirani. Basi mwenye .38 Special achague risasi ya kawaida anayoimudu, aijaribu kwanza kwenye uwanja wa shabaha. Asiyeweza kulenga, bastola yake ikae kabatini na kufuli.

Mwenye Leseni,
Arusha.