Mto Una Wenyewe



Kijana mmoja niliyemfundisha zamani kule Uvira, ambaye sasa anafanya kazi Lyon, katika nchi ya Ufaransa, ameniletea barua yenye uchungu. Jumapili moja alishuka ukingoni mwa mto Saône na mshipi wake, kama alivyozoea tangu utoto kando ya Ziwa Tanganyika. Kabla hajashika samaki hata mmoja, mlinzi akamsimamia mbele, akamwomba cheti cha kuvulia. Hakuwa nacho. “Mwalimu,” aniuliza, “je, hata maji ya mvua ya Mungu yanauzwa huku?”

Swali hilo si la kuchekwa. Hata hivyo watu wa Vitshumbi, penye Ziwa Edward, hawatalistaajabia, maana wao wanaishi ndani ya Mbuga ya Virunga, na kuvua kwao kuna mipaka.

Basi, huko Ufaransa hakiuzwi kitu cha maji. Tangu sheria ya mwaka 1941, mtu anayetaka kuvua mitoni na maziwani lazima aingie kwanza katika chama cha wavuvi wa mahali, chenye kazi ya kulinda samaki na maji yao. Cheti, ambacho wenyewe hukiita carte de pêche, ndicho alama ya kwamba umeingia. Fedha unazotoa hugawanywa: fungu moja ni la chama, fungu lingine la shirikisho la jimbo, na lingine huenda kwa mashirika yanayotunza maji ya nchi.

Kukipata si kazi. Waweza kukinunua kwa intaneti, mahali paitwapo cartedepeche.fr, au katika duka liuzalo ndoana na mishipi. Kipo cha mwaka, ambacho mwisho wake ni tarehe 31 Desemba hata kama umekinunua Oktoba (hapo wengi hujuta!), kipo cha siku saba, na cha siku moja. Wanawake wanaotumia mshipi mmoja, vijana na watoto wana vyeti vya bei nafuu. Wala hakuna mtihani. Ujerumani, kwa kawaida, mvuvi hukalishwa kwanza kama mwanafunzi na kuulizwa habari za samaki.

Lakini sikilizeni vema, kwa maana hapa ndipo wageni wengi hukosea: cheti si ufunguo wa kila mto. Maji mengine ni ya serikali, nayo Saône imo. Huko mwenye cheti cha chama cho chote cha Ufaransa aweza kuvua kwa mshipi mmoja. Mito mingine ina wenyewe. Mwenye shamba la ukingoni ana haki ya kuvua mpaka katikati ya mto, na cheti chako hakifai kitu asiporuhusu yeye, au chama kilichopewa haki yake.

Tena maji yamegawanywa madaraja mawili. La kwanza ni la trauti, samaki apendaye maji baridi yaendayo kasi. Hayo, kwa kawaida, hufunguliwa Jumamosi ya pili ya Machi na kufungwa Jumapili ya tatu ya Septemba, ili trauti wazae kwa amani wakati wa baridi. Daraja la pili ni maji mengine yote, nayo huvuliwa karibu mwaka mzima, ingawa samaki wengine wana miezi yao ya kupumzishwa. Usiku ni marufuku: mvuvi aanze nusu saa kabla ya jua kuchomoza, aache nusu saa baada ya kuchwa. Na awe na kipimo mfukoni, kwani samaki asiyefikia urefu uliowekwa hurudishwa majini.

Hayo yote nilimwandikia kijana yule. Juzi amenijibu na kunipelekea picha ya cheti chake kipya. Picha ya samaki bado naingojea.