Fulana za mitumba: Kodi yapima kilo, faida yaenda kwa mwenye jicho

ROBOTA la fulana likikatwa kamba alfajiri katika soko la Gikomba, Nairobi, hakuna anayeuliza tena lina kilo ngapi. Wachuuzi waliolizunguka hutazama ukosi, pindo, lebo na picha iliyochapwa kifuani, na katika dakika chache za mwanzo zile bora zinakuwa zimekwisha kuondoka.

Fulana hizo za mwanzo wafanyabiashara wa Nairobi huziita kamera. Zinazobaki hushuka bei kadiri jua linavyopanda, hadi kufikia zile za mwisho ambazo jina lake ni fagia.

Katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, hata hivyo, kamera na fagia ni kitu kimoja. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huzitoza nguo zilizokwisha kuvaliwa asilimia 35 ya thamani yake au kiwango maalumu kwa kila kilo, na kinachozidi ndicho hulipwa. Kwa bidhaa inayonunuliwa kwa bei ndogo huko iliko, kinachoamua mara nyingi ni mizani.

Tofauti hiyo kati ya mizani ya forodha na jicho la mchuuzi ndiyo ambayo mjadala wa mitumba katika ukanda huu umekuwa ukiikwepa tangu mwaka 2016.

Machi mwaka huo, wakuu wa nchi wanachama walikutana Arusha na kuelekeza kwamba uingizaji wa nguo na viatu vilivyotumika upunguzwe hatua kwa hatua, hadi uishe ndani ya miaka mitatu. Hoja yao ilikuwa nzito. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, lakini sehemu kubwa yake huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, bila kusokotwa uzi. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, pamoja na Mwatex cha Mwanza, vilikuwa vimebaki vivuli vya enzi zake.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba viwanda hivyo vilianza kuyumba kabla ya marobota kutapakaa mitaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na viwanda vya nguo, na nguo zilikuwa haba. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mitumba ilikuta wateja wanaoisubiri. Kuilaumu mitumba peke yake kwa kifo cha viwanda ni kusoma hesabu kuanzia ukurasa wa katikati.

Agizo la Arusha halikufika mbali. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, kikitaka nchi hizo ziangaliwe upya katika mpango wa AGOA, ambao wakati huo uliruhusu bidhaa za Afrika kuingia soko la Marekani bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vingi vinavyoshona kwa ajili ya soko hilo, ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikafuata.

Rwanda pekee ndiyo iliyoshikilia msimamo. Ilikuwa imepandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2.50, na Julai 2018 ikasimamishiwa msamaha wa ushuru kwa nguo inazouza Marekani.

Tuichukue fulana moja ya mtu mzima yenye uzito wa gramu 180. Kwa ushuru wa zamani wa Rwanda ililipiwa chini ya senti nne. Kwa ushuru mpya ililipiwa senti 45. Robota la kilo 45, ambalo huweza kubeba fulana zipatazo 250, lilitoka dola tisa na kufika dola 112 na ushei.

Senti 45 kwa fulana ya kamera, itakayonunuliwa na kijana mwenye mshahara ofisini, ni jambo la kupita. Senti hizo hizo kwa fulana ya fagia, itakayovaliwa na mtu anayekwenda kubeba zege, ndiyo faida yote ya muuzaji na pengine zaidi. Kodi ya kilo humwangukia zaidi yule anayevaa nguo ya bei ya chini kabisa, na kumgusa kwa mbali yule ambaye kweli angeweza kununua nguo mpya iliyoshonwa nyumbani. Ikiwa lengo lilikuwa kumpatia mteja mshonaji wa Kigali au wa Morogoro, mzigo umetupwa upande usio wake.

Kwa nini basi jicho lina thamani kuliko mizani? Jibu lipo huko zinakotoka fulana zenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko California, Shawn Stussy, aliyekuwa akichonga mbao za kuteleza baharini, alianza kuchapa saini yake kwenye fulana na kuziuza pamoja na mbao hizo. Mwaka 1994 James Jebbia alifungua duka la Supreme katika mtaa wa Lafayette, New York, kwa ajili ya vijana wa mbao za magurudumu. Utaratibu wake ukawa ni kutoa mavazi machache machache, kwa kawaida siku ya Alhamisi, na yakiisha yameisha. Foleni zikazunguka kona. Waliopata waliwauzia waliokosa kwa bei maradufu.

Fulana hiyo ni pamba tu, gramu zake ni zile zile. Kinachouzwa ni uchache wake na jina lililo kifuani. Mwaka 2020 kampuni ya VF ilikubali kuinunua Supreme kwa zaidi ya dola bilioni mbili, kisha mwaka 2024 ikaiuza kwa EssilorLuxottica, watengenezaji wa miwani, kwa dola bilioni 1.5. Hata katika hasara hiyo, ni fedha ambazo hakuna kiwanda cha nguo cha Afrika Mashariki kilichowahi kuota.

Pembeni ya biashara hiyo limekua soko la fulana kuukuu. Wakusanyaji wa Marekani, Ulaya na Japani hutafuta fulana za bendi za muziki na za timu za miaka ya 1980 na 1990, na zilizo adimu huuzwa kwa mamia ya dola. Hutazama pindo la mkono: lenye mstari mmoja wa uzi huashiria, kwa kawaida, kwamba fulana ilishonwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990.

Ujuzi huo si mgeni Gikomba wala Ilala. Mwaka 2005 Profesa Pietra Rivoli wa Chuo Kikuu cha Georgetown alichapisha kitabu kuhusu safari ya fulana, kutoka mashamba ya pamba ya Texas kupitia viwanda vya China hadi meza za mitumba za Manzese, Dar es Salaam. Alichokikuta Manzese ni watu wanaojua kupanga, kupima na kubashiri, ambao riziki yao inategemea kuitambua fulana moja nzuri katikati ya mia.

Leo kijana wa Nairobi au Dar es Salaam huamkia sokoni, huchagua fulana kumi, huzifua, huzipiga pasi na picha, kisha hutangaza katika simu saa ambayo zitaanza kuuzwa. Wa kwanza kulipa ndiye mwenye nguo. Ni utaratibu ule ule wa mtaa wa Lafayette, isipokuwa hapa mwenye duka hana duka. Mtaji wake wote ni jicho na nauli ya daladala au matatu. Hilo lilidhihirika Kenya iliposimamisha uingizaji wa mitumba Machi 2020 kwa hofu ya corona: katazo liliondolewa Agosti mwaka huo huo.

Nchini Uganda mjadala umechukua sura nyingine. Agosti 2023, akiwa Mbale, Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba amezipiga vita nguo hizo, akisema ni za wazungu waliokufa. Wasomaji wa pwani na visiwani watatabasamu: wazee wao walikwisha kuziita kafa Ulaya muda mrefu uliopita, na bado wakazivaa. Tangazo lile halikufuatwa na katazo la kisheria, na soko la Owino jijini Kampala liliendelea na kazi.

Katika jiji hilo hilo, mwaka mmoja kabla ya kauli ya Rais, mbunifu Bobby Kolade, aliyekulia Kampala na kufanya kazi Ulaya, alikuwa ameanzisha nembo ya Buzigahill. Mradi wake aliuita Return to Sender, yaani arudishiwe aliyetuma. Fulana za mitumba hununuliwa Kampala, hukatwa vipande, vipande vya fulana tofauti hushonwa kuwa fulana moja mpya, kisha huuzwa kwa wateja wa nchi zile zile zilizozitupa. Hutolewa kwa awamu ndogo, na hakuna mbili zinazofanana.

Hapo jicho na sindano vya Kampala vinalipwa bei ya nembo badala ya bei ya kilo. Tusitie chumvi lakini. Karakana ya namna hiyo haiwezi kumeza makontena yanayoshushwa bandarini kila wiki, na bei yake haimhusu mnunuzi wa Owino. Ilichoonyesha ni kwamba thamani inaweza kuongezwa upande huu wa bahari, jambo ambalo agizo la Arusha halikuligusa hata kwa sentensi moja. Fundi anayegeuza nguo kuukuu kuwa mpya hakutajwa. Kwa mizani ya forodha naye ni mlaji wa mitumba tu.

Sasa lipo jambo jipya linaloongeza uzito wa swali hili. Tangu Januari 1, 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo chakavu peke yake, bila kuzichanganya na taka nyingine. Oktoba mwaka huo ilianza kutumika sheria inayozitaka nchi hizo, ndani ya miezi 30, ziweke utaratibu wa kuwatoza watengenezaji na wauzaji wa nguo gharama za kuzikusanya, kuzichambua na kuzichakata.

Kwa lugha nyepesi, kila fulana mpya itakayouzwa Paris au Berlin italipiwa mapema gharama za mazishi yake. Lakini fulana nyingi hazizikwi huko. Zikishachambuliwa, zinazovalika husafirishwa, na baadhi huishia Gikomba, Owino na Ilala, zikafa kwa mara ya pili mikononi mwa watu ambao hawakutengewa hata senti.

Na kufa huko kuna ngazi zake. Fulana ya fagia isiyopata mteja hukatwa iwe kitambaa cha kufutia mafuta gereji, au dekio. Watoto huifunga kwa kamba ikawa mpira wa chandimu. Isiyofaa hata kwa hayo, hasa yenye nyuzi za plastiki nyingi kuliko pamba, hutupwa mtaroni au kupelekwa jalala la Dandora, na kuizoa ni juu ya kaunti na walipakodi wake.

Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya usimamizi wa taka inayombebesha mtengenezaji au mwagizaji wajibu wa bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Kwa nguo ambayo mtengenezaji wake yuko ng'ambo na mwagizaji wake ni mfanyabiashara wa kontena moja, wajibu huo ni rahisi kuuandika kuliko kuudai.

Miezi 30 ya Ulaya inakwisha Aprili 2028. Hadi wakati huo ndipo itakapokuwa imeamuliwa ada ya kila fulana ni kiasi gani na ni nani ana haki ya kulipwa kwa kazi ya kuichambua. Wachambuzi wa Gikomba, wanaoifanya kazi hiyo kila alfajiri kwa mtaji wao wenyewe, hawamo katika orodha ya walipwaji, na Jumuiya iliyowahi kutaka kuwafungia biashara ndiyo yenye nafasi ya kuwaombea kiti.