Ukarabati wa Ngong Uanzie Mazizini

Wengi wetu huku Kajiado tunaujua uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kwa Concours d'Elegance, maonyesho yale ya magari, kuliko kwa farasi wenyewe. Mbio zilihamia hapo kando ya Barabara ya Ngong mwaka 1954, ingawa Nairobi ilikuwa imezizoea tangu mwanzoni mwa karne. Ukitajwa ukarabati, mawazo hukimbilia jukwaa jipya, mikahawa na maegesho. Mimi nasema tuanzie mazizini. Uwanja wa mbio za farasi wa Ascot, Uingereza, ulifungwa mwaka 2004 ukafunguliwa 2006 baada ya ukarabati wa takriban pauni milioni 200, na watazamaji wa ngazi za chini za jukwaa wakalalamika kwamba hawaoni mbio. Ikabidi mafundi warudi. Pesa hazikuwa zimekosekana; kilichokosekana ni kuanza na jambo la msingi, mbio zenyewe.

Kwetu ipo sababu nyingine, nayo ni ugonjwa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi, na unaweza kuua farasi tisa kati ya kumi wasio na kinga. Pundamilia, kama hawa wa nyanda za Kitengela, hubeba virusi vyake bila kuumwa. Ulipozuka Thailand mwaka 2020 uliua mamia ya farasi, na ndio unaofanya nchi nyingi zisite kupokea farasi wetu. Basi mazizi yenye nyavu, chanjo kwa wakati, daktari wa mifugo aliye karibu na njia ya mbio isiyovunja miguu ndivyo vitakavyomvuta mwenye farasi. Bila yeye, mgeni atatazama nini? Masaisi wanaolisha na kusugua farasi nao wanahitaji makao ya heshima na mafunzo yenye cheti.

Atasema mtu kwamba wageni ndio wenye pesa za kujenga mazizi hayo. Kweli, na matamasha yaendelee. Ila fungu la kwanza la kiingilio liende kwa farasi, tena liandikwe mkatabani kabla ujenzi haujaanza. Pingamizi zito zaidi ni kwamba huu ni mchezo wa matajiri na kamari, heri ardhi ijengwe nyumba. Kamari ibanwe, sibishi. Lakini sisi tumeona Kitengela ikikatwakatwa ploti na kuzungushiwa nyua hadi wanyama wa Mbuga ya Nairobi wakabanwa njia ya kusini. Eneo wazi likishauzwa halirudi. Kuhusu utajiri, lango lifunguliwe siku zisizo na mbio, kwa kiingilio ambacho familia ya kipato cha chini ya mtaa wa Kware inakimudu, na wanafunzi waonyeshwe mazizi. Hilo Jockey Club of Kenya, inayoendesha mbio hizi, inaweza kulianza hata kabla ya kumpata mwekezaji wa ukarabati.