Diski Yako Haijafa, Fundi Ndiye Hajasoma Skrini

Wasee, leo nawajia mafundi wa kompyuta. Chukua laptopu iliyogoma, skrini imegeuka buluu, panda matatu hapa Otonglo ushuke tao, ingia kibanda chochote. Jibu utapewa hata kabla hujakaa kwa stuli: "Boss, diski imekufa. Tuformati, tuweke Windows mpya." Hajasoma neno hata moja kwa ile skrini. Hajauliza ilianza lini, wala ulikuwa umeinstoli nini jana yake. Ni kama kwenda zahanati na homa ukapewa dawa ya malaria bila kutolewa damu, na sisi watu wa ziwa tunajua vile hiyo story huishaga.

Mashine nyingi nilizoshika mimi zikiwa na hiyo shida, diski ilikuwa nzima. Shida ilikuwa draiva.

Draiva ni kaprogramu kanakokaa kati ya Windows na diski. Windows haiongei na diski moja kwa moja, inapitia kwa draiva. Sasa fikiria matatu. Injini iko poa, tairi mpya, abiria wamejaa, lakini dereva amelewa. Gari ikiingia mtaroni, utaambiwa ununue gari lingine? Hawa wanakuambia hivyo, na abiria walio ndani, yaani faili zako zote, wanamwagwa hapo hapo kando ya barabara.

Kuna dada mmoja tunajuana, yuko mwaka wa nne. Laptopu yake ni ex-UK, zile mashine za ofisi zinazokuja zikiwa zimetumika. Kwa siku kadhaa saa ya mashine ilikuwa ikijirudisha miaka nyuma kila akizima. Hakuna aliyejali. Asubuhi moja ikakataa kuwaka: skrini ya buluu, imeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Akaipeleka kwa fundi tao, akaambiwa diski imekufa, ikaformatiwa, akalipa 1,500. Ndani kulikuwa na rekodi za mahojiano aliyofanya na wavuvi na akina mama wa samaki pale Dunga, miezi mzima ya kuamka alfajiri. Hakuwa na nakala kwingine. Wengine wa wale wazee hatawapata tena.

Sasa swali langu ni moja, na nataka fundi yeyote anijibu: kama diski ilikuwa imekufa, ilifufukaje? Kwa sababu diski anayotumia leo ni ile ile. Niliipima na CrystalDiskInfo, afya yake ni nzuri. Maiti gani hiyo inaformatiwa halafu inaamka?

Nieleze kilichotokea. Kwa ubao wa mashine kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS. Mashine ikizeeka, hiyo betri inaisha. Saa inarudi nyuma, na mipangilio inarudi ya kiwandani. Mpangilio mmoja wapo ni jinsi diski inavyoongea na mashine: AHCI au RAID. Dell nyingi za ofisi hutoka kiwandani zikiwa RAID. Kama aliyeiuza aliweka Windows kwa AHCI, siku betri inakufa mpangilio unaruka kurudi RAID, na Windows inaamka na draiva ya AHCI mkononi huku mlango umebadilishwa kufuli. Inatafuta diski, haioni, inakufa na ule ujumbe. Dawa yake ni kuingia BIOS, kurudisha AHCI, na kununua betri mpya ya CR2032 au inayofanana nayo. Betri ni bei ya chai na mandazi. Faili zote zingebaki.

Na hapa ndipo utapeli unapojificha hata kwa fundi mwenye roho safi. Ukiformati na kuweka Windows upya, hiyo Windows mpya inachukua draiva ya mpangilio uliopo wakati huo. Kwa hivyo inawaka. Fundi anaona imewaka, anaamini ametibu. Kesho anamformatia mwingine. Hakuna siku atajua kuwa hakuhitaji kufuta kitu.

Usidhani hii ni shida ya mashine kuukuu za Kisumu peke yake. Mwaka 2019 Microsoft wenyewe walizuia watu kupata toleo jipya la Windows 10 kwa sababu draiva fulani za Intel za diski, zile za Rapid Storage, zilikuwa hazielewani nalo. Hawakuambia dunia inunue diski mpya. Walisema: sasisha draiva kwanza. Na laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11 zimekuja na kitu kinaitwa VMD. Ukijaribu kuinstoli Windows bila draiva yake, diski haionekani kabisa kwenye orodha. Hapo pia utauziwa SSD mpya, na cha kuchekesha ni kwamba hiyo mpya nayo haitaonekana.

Kwa hivyo skrini ikiwa buluu, usizime kwa hasira. Piga picha na simu. Hayo maandishi ya chini ndiyo matokeo yako ya maabara. Ukiona INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, uliza habari za draiva na BIOS kabla ya kuuliza bei ya diski. Ukiona DPC_WATCHDOG_VIOLATION, inaweza kuwa draiva ya diski au programu ya ndani ya SSD imepitwa na wakati. Na wakati mwingine inakutajia mkosaji kwa jina: ukiona faili inayoanza na iaStor, huyo ni draiva wa Intel. storahci na stornvme ni wa Microsoft. Kutajwa si hukumu, maana diski mbovu pia inaweza kuangusha draiva mzuri, lakini sasa una mahali pa kuanzia.

Kama mashine bado inawaka na kuzima, ingia Device Manager, tafuta kidhibiti cha diski, bonyeza Roll Back Driver kama kitufe kinakubali, urudi kwa draiva ya jana. Kama haiwaki kabisa, ile skrini ya ukarabati hujitokeza yenyewe baada ya kushindwa mara mbili tatu. Hapo utapata njia ya Safe Mode. Ukibadilisha AHCI na RAID, ingia kwanza kwa Safe Mode ili Windows ipate nafasi ya kupakia draiva inayofaa. Tahadhari moja tu: kama diski imefungwa na BitLocker, kugusa BIOS kunaweza kukufanya uulizwe ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwa akaunti yako ya Microsoft kabla ya kugusa chochote.

Na kipimo kikubwa kuliko vyote hakihitaji digrii: toa diski, iweke kwa kava ya USB, ichomeke kwa mashine nyingine. Folda zikifunguka, diski haijafa. Kopi kila kitu kwanza, halafu mengine yafuate. Fundi anayeformati kabla ya kufanya hivi, sijui anaitwaje, lakini si fundi. Kwa SSD ni mbaya zaidi, kwa sababu ukiformati, Windows huiambia diski yenyewe isafishe zile sehemu. Kwa diski za zamani za kuzunguka unaweza kubahatisha kuokoa kitu. Kwa SSD, omera, sahau.

Najua kuna diski zinazokufa kweli. Ikianza kugonga tik-tik, au kipimo kikionyesha imechakaa, izime na usiiwashe hovyo. Stima zetu za kupotea na kurudi kwa kishindo nazo zinaua vifaa. Sijasema kila diski ni nzima. Nimesema ipimwe.

Sasa upande wa mafundi, maana wamenijibu sana kwa inbox. Wanasema mteja anataka mashine jioni hiyo hiyo na hataki kulipia "kuangalia tu". Enyewe hapo wana pointi. Tunalipa makanika kusikiliza injini, lakini fundi wa kompyuta akisema mia tatu ya kupima, tunamwita mwizi. Basi kupima kuwe na bei yake, iandikwe ukutani, na mteja apewe jibu kwa karatasi: ujumbe ulisema hivi, diski imepimwa iko hivi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya habari anazohitaji ili afaidike na huduma anayonunua. "Diski imekufa" peke yake si habari.

Na sisi wa kontenti pia tuna kesi. Agosti 2025 tulijaza TikTok na video kwamba sasisho la Windows 11 linaua SSD. Microsoft wakachunguza wakasema hawakuona uhusiano. Phison, wanaotengeneza chipu za SSD, wakapima zaidi ya saa 4,500 na hawakuweza kuirudia hiyo hitilafu. Video za hofu zilitazamwa, za majibu hazikutazamwa. Hofu kama hiyo ndiyo inamfanya mteja aitikie haraka akiambiwa diski imekufa.

Kuna wale wataandika hapa chini, "wewe uliacha chuo, utatufunza nini?" Ndiyo, niliacha. Ujumbe wa skrini umeandikwa kwa herufi kubwa na hauombi cheti cha mtu.

Mafundi wa Otonglo, Kondele na tao, nawangoja na lile swali langu: maiti ilifufukaje? Atakayenijibu vizuri, nitaliweka jibu lake hapa lote, bila kukata. Na wewe ambaye laptopu yako iko kwa fundi saa hii, mpigie simu sasa umuulize kama ameshaformati.