"Bei inboksi": neno linalozika mali ya Kindu

Kindu, jimbo la Maniema. Kila asubuhi picha zinamwagika katika vikundi vya kuuza na kununua vya Facebook na WhatsApp: magunia, bido za mafuta ya ngazi, vitenge, sabuni, samaki mkavu. Chini ya picha kuna maneno mawili tu: "Bei inboksi." Pengine hata hayo hayapo, kuna namba ya simu peke yake. Jioni muuzaji analalamika kwamba rezo ni mbaya, kwamba watu hawana pesa, ama kwamba kuna jirani aliyemfungia biashara. Hakuna aliyemfungia. Amejifungia mwenyewe.

Ukweli ni mfupi. Mtambo wa kutafuta hauonji mchele wala haunusi mafuta. Kazi yake kubwa ni kusoma maneno. Mnunuzi anaandika "mchele Kindu" ama "riz Kasongo", na mtambo unamtafutia matangazo yenye maneno hayo. Tangazo lisilokuwa na jina la bidhaa ni kama gunia lililofichwa nyuma ya nyumba. Kwa WhatsApp ni vibaya zaidi: ujumbe wa sauti hauwezi kupatikana kwa kuandika jina la bidhaa, na statut inapotea baada ya saa 24.

Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wa Kinshasa na Nairobi. Sivyo. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, benki zikafunga milango, na wafanyabiashara wengi wakapoteza njia na wateja wao. Mama aliyekuwa na meza yake sokoni, akijulikana na kartié nzima, akihamia mji mwingine anakuwa mgeni. Hana meza, hana jina, hana mteja wa mkopo. Kibao chake pekee ni simu. Tangazo lake lisipoonekana, watoto wanalala bila kula.

Na kuna anayefaidika. Mchuuzi mjanja anamkuta mama huyo, ananunua sabuni zake kwa bei ya kuonea huruma, kisha anaziweka mtandaoni kwa jina kamili, kipimo, bei na mahali. Zinauzwa. Hakuongeza mafuta wala soda ndani ya sabuni hizo. Ameongeza maneno tu, na maneno hayo yanamlipa kuliko jasho la aliyezipika.

Wanaotetea "bei inboksi" wana sababu zao. Ya kwanza: wanaficha bei ili wapate kupatana. Lakini katika soko lolote la Maniema, muuzaji anataja bei kwanza, ndipo mapatano yanaanza. Mnunuzi aliyebakiza mega chache hawezi kuuliza watu kumi mmoja mmoja. Ataenda kwa yule aliyesema. Ya pili: bei zinabadilika, treni inachelewa, mto unashuka. Ni kweli, na dawa yake ni kuandika tarehe kando ya bei.

Sababu ya tatu ni nzito na haifai kuchekwa: aliyekimbia vita anaogopa kujulikana anapokaa. Ana haki. Lakini mahali pa kuuzia si mahali pa kulala. Inatosha kuandika komine, Kasuku, Mikelenge ama Alunguli, kisha kukutana na mteja sokoni mchana, mbele ya watu. Mnunuzi naye asitume pesa kwa simu kabla hajaona mali.

Kuna pia vijana wanaochukua pesa za wamama kwa ahadi ya "kubusti". Kulipia tangazo kunaleta macho ya siku chache. Tangazo tupu likilipiwa linabaki tupu, ila sasa limekula mtaji. Jiji, ambalo mwaka 2019 lilinunua soko la OLX nchini Nijeria, Ghana, Kenya, Tanzania na Uganda, nalo linauza nafasi za mbele. Hata hivyo, aliyelipa na asiyelipa wote wanajaza kwanza aina ya bidhaa na mahali ilipo. Na soko la mtandaoni si mali ya muuzaji: Jumia ilifunga kazi zake Tanzania Novemba 2019. Kwa hiyo maelezo ya bidhaa yahifadhiwe katika simu ya mwenyewe, apate kuyahamisha.

Tangazo linaloonekana halihitaji diploma. Linaanza na jina ambalo mnunuzi mwenyewe angeandika: "Mchele mweupe wa Kasongo, riz, gunia la kilo 50, Kindu, Mikelenge." Kisha bei kwa faranga, tarehe, na picha ya mali yenyewe iliyopigwa mchana. Anayeuza mafuta aandike "mafuta ya ngazi", "mawese" na "huile de palme", kwa sababu wateja hawasemi lugha moja. Lakini asirundike majina ya vitu asivyo navyo, wala asiibe picha ya mwingine. Mteja akidanganywa mara moja, hatarudi.

Wenye kuongoza vikundi nao wana mzigo wao. Wanafukuza mtu aliyetukana, lakini wanaacha mamia ya picha zisizo na jina zizike matangazo yaliyoandikwa vizuri. Waweke kanuni moja: bila jina, bei na mahali, tangazo halipiti. Na vijana wa vyuo wanaojua simu wakae nusu saa na wamama waliohama, bila kudai pesa.

Mchele ulifika Maniema na misafara ya Waswahili karne ya 19, ukasifiwa kwa kutajwa kutoka kinywa hadi kinywa: mchele wa Kasongo. Jina ndilo lililouuza. Anayelificha jina hilo leo asimlaumu mchawi, wala rezo, wala mnunuzi aliyepita bila kumwona.