TUSIFUNGIWE CHUMBA CHA KOMPYUTA

Tangu muhula uliopita yamekuwapo maneno mengi hapa shuleni. Wako wasemao kwamba wanafunzi tukatazwe kabisa kufomati diski za kompyuta, na kazi hiyo aachiwe fundi wa mjini. Mimi ndiye niliyeyaleta maneno hayo, nami naomba nafasi niseme nionavyo.

Kwanza niwaeleze wazazi kazi yenyewe. Diski ya kompyuta ni kama shamba lililogawanywa kwa mipaka. Kila sehemu huitwa partisheni. Kufomati ni kuitengeneza partisheni upya ipate kupokea faili, na orodha ya faili za zamani hupotea. Lakini kompyuta haiwezi kufomati partisheni ile ile inayoitumia. Kwa hiyo sisi huiwasha kwa CD ya Linux. Linux hiyo hukaa katika kumbukumbu ya muda tu, wala haiigusi diski mpaka iamriwe. Hapo programu iitwayo GParted hutuonyesha diski zote na partisheni zake. Linux na GParted zote ni za bure.

Siku ile diski ya nje ya Chama cha Historia ilikuwa imesahauliwa, imechomekwa bado. Linux huzipa diski majina ya herufi: sda, sdb, na kuendelea. Mimi nilikuwa nimekariri kwamba diski ya kompyuta ni sda. Sikujua kwamba herufi hizo zaweza kubadilika kila kompyuta iwashwapo. Sikutazama ukubwa wala lebo. GParted haitendi neno mpaka uthibitishe. Iliniuliza, nami nikathibitisha. Kwa muda mfupi nikawa nimefuta sauti za wazee wa kijiji hiki, ambazo chama kilizikusanya kwa mwaka mzima.

Mwalimu wetu akaamuru diski ile isiandikwe kitu tena, kwani kufomati kwa namna ile hufuta orodha, na faili zenyewe huwapo mpaka ziandikwe nyingine juu yake. Kwa programu ya PhotoRec tulizipata sauti nyingi. Lakini PhotoRec hairudishi majina ya faili. Tukawa na sauti zisizo na wenyewe! Ikatulazimu kwenda nyumba kwa nyumba tukiwasikilizisha watu. Mzee mmoja, ambaye sasa ni marehemu, alitambuliwa na mjukuu wake kwa kikohozi. Sauti mbili hata leo hazijulikani ni za nani.

Je, kwa hayo tukatazwe? Mimi nasema la. Kosa langu halikutokana na uanafunzi, bali na kutosoma kilichokuwa mbele ya macho yangu; na fundi wa mjini, asiyejua diski ipi ina nini, aweza kulifanya vile vile. Tena kompyuta zetu ni kuukuu. Tusipojua kuzitengeneza, zitarundikwa stoo, na fedha za wazazi zitakwenda kwa fundi kila muhula.

Yafaa tuwekewe sheria, nazo ni nne tu. Faili za maana zinakiliwe mahali pengine kwanza. Kila diski isiyohusika ichomolewe kabla ya kompyuta kuwashwa. Wanafunzi wawili wasome kwa sauti ukubwa na lebo ya partisheni kabla ya kuthibitisha. Mwisho, waandike majina yao katika daftari, ili ijulikane nani alifanya nini, na siku gani.

Wazee husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi siombi pole. Nawaomba walimu wetu watupe daftari hilo, na mlango uachwe wazi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu